Kulinda Kasa ni Kazi Yetu, Tusiwaachie Wageni



Ndugu zetu katika imani, kila likizo ya shule inapokaribia wazazi hutuuliza: "Ustadh, hawa vijana watakaa bure mwezi mzima?" Rai yetu sisi walimu wa madrasa ni kuwa wale waliokwisha baleghe wapelekwe wiki moja au mbili katika kijiji cha pwani wakajitolee. Mchana wafanye kazi za kijiji, na usiku wafuatane na walinzi wa kasa ufukweni.

Wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Husema: "Kasa ana nini na dini? Hiyo ni kazi ya Wazungu." Tunawajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, kuwahurumia wanyama ni katika mafundisho yetu. Imepokewa na Abu Daud kuwa Masahaba walichukua makinda ya ndege wakiwa safarini, mama yao akawa anahangaika juu yao, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arudishiwe wanawe. Basi vipi kasa anayepanda pwani kutaga, akageuzwa chali na kuchinjwa? Kasa jike hutaga mayai 100 hivi au zaidi katika shimo moja, nayo hukaa mchangani karibu miezi miwili. Inakadiriwa kuwa katika watoto 1,000 wanaoanguliwa, ni mmoja tu anayefikia ukubwa. Naye huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kurudi kutaga pwani za kule alikozaliwa. Kijana anayelinda shimo leo, kasa wake atakaporudi huenda naye ana watoto wa kuwaonesha.

Pili, zipo roho za watu. Kisiwani Panza, Pemba, mwezi wa Machi 2024 walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa hospitali. Kabla yake, Novemba 2021, watu 7 walifariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, haina dawa ya kuivunja nguvu, na nyama yenye sumu haijulikani kwa kuitazama. Hata mtoto anayenyonya huweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula. Wanavyuoni wana khitilafu juu ya kula kasa, na mwenye swali amuulize shekhe wake. Lakini hakuna khitilafu kuwa ni haramu kujiangamiza au kuwalisha watoto kinachoweza kuwaua. Isitoshe, sheria za Kenya, Tanzania na Komoro zote zinakataza kuua kasa.

Tatu, Waislamu wenzetu wameshatutangulia. Katika kisiwa cha Mwali, Komoro, kipo kijiji cha Itsamia ambacho kasa hupanda pwani zake kutaga. Wanakijiji wenyewe waliunda jumuiya yao mwaka 1991, wakawa wanalinda fukwe na kuwaongoza wageni wanaokuja kuona. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa hicho katika orodha yake ya hifadhi za viumbe hai. Hawa ni watu wanaoswali na kufunga kama sisi. Nani atasema tena kuwa hii ni kazi ya Wazungu?

Hata hivyo, tuseme kweli. Mvuvi aliyerudi mikono mitupu na watoto wanangoja chakula hatashibishwa na mawaidha. Tukimwambia kasa asiguswe, kisha tukarudi mjini, tumemwachia mzigo peke yake. Ndiyo maana tunasisitiza kazi za kijiji kwanza. Vijana wetu wafundishe masomo ya ziada, wasaidie kuezeka chuo, wasafishe kisima, waokote taka za pwani. Wanakijiji wakiona manufaa, hata neno letu juu ya kasa litasikika.

Tunawausia wazazi na vijana mambo haya:

1. Msiende bila idhini ya wazee wa kijiji na wanaohusika na hifadhi. Kazi ya usiku iongozwe na wao.

2. Chukueni chakula chenu. Si uungwana kwenda kusaidia kisha mkawa mzigo.

3. Ufukweni msiwashe tochi wala simu. Watoto wa kasa hufuata mwangaza wa bahari usiku, na taa huwapoteza wakaelekea nchi kavu. Msiguse mayai wala kumzunguka kasa anayetaga.

4. Wasichana wafuatane na maharimu au walimu wa kike, na wawe na malazi yao ya peke yao.

5. Swala zisipite kwa kisingizio cha doria.

Tunaziomba kamati za misikiti zitenge japo kidogo kwa nauli ya vijana wasiojiweza. Tukiwaachia wageni kulinda pwani yetu, tusije tukalalamika siku wageni watakapotupangia namna ya kuishi humo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu watoto wa Panza, awape subira wazazi wao, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.