Mtoto Hapigwi Saa za Kazi Tu

Makamanda, tuanze na hesabu. Wiki ina saa 168. Ofisi ya serikali inafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa 40. Zinabaki saa 128, zaidi ya robo tatu ya wiki, ambazo afisa ustawi wa jamii yuko nyumbani kwake na wala havunji sheria yoyote. Kila ninapouliza nani anashika nafasi yake usiku, napewa jina la mtu. "Mpigie fulani, huwa anapokea." Huwa anapokea! Yaani usalama wa mtoto wa Mtanzania unategemea kama fulani amechaji simu.

Na hizo saa 128 ndizo zenye mambo. Mjomba aliyelewa harudi nyumbani saa 4 asubuhi ili afisa ampate kabla ya chai. Mtoto aliyefukuzwa na mama wa kambo anafukuzwa jioni. Binti anayetoroka ndoa anatoroka giza likishaingia, maana mchana kuna macho.

Hesabu ya pili ndiyo inayoniuma. Mtoto aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72. Sasa chukua Ijumaa saa 9:30 alasiri ofisi inapofungwa, hesabu mpaka Jumatatu saa 1:30 asubuhi inapofunguliwa. Ni saa 64. Zimebaki nane. Jumatatu ikiwa sikukuu, ni saa 88, na dirisha limeshafungwa. Pasaka, kuanzia Alhamisi alasiri hadi Jumanne asubuhi, ni saa 112. Utaniambia hospitali iko wazi usiku na mchana. Ni kweli iko wazi. Nani anamfikisha mtoto wa miaka tisa hospitali kama aliyemfanyia ndiye mwenye funguo za mlango na mwenye pesa ya bodaboda?

Msidhani hawa ni watoto wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa 2011 na serikali yenyewe ikishirikiana na UNICEF, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikutana na ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hesabu darasa lako la sekondari, kisha urudi tuendelee.

Sheria inasemaje? Mimi niko chuo nasoma hiyo hiyo, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaweka wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto kwa mamlaka ya serikali ya mtaa katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinakutaka wewe na mimi tukiona haki ya mtoto inavunjwa tutoe taarifa kwa mamlaka hiyo hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa "saa za kazi". Na Sheria ya Tafsiri ya Sheria, kifungu cha 53, inasema mtu akipewa jukumu kwa neno la lazima, basi ni lazima alitekeleze. Kwa hiyo ukikaa kimya usiku umevunja sheria. Ukitoa taarifa usiku, hujui unampa nani. Mwananchi kawekewa wajibu wa saa 24, halmashauri imejipunguzia ukawa wa saa nane.

Serikali hii hii ndiyo inayotuambia nchi inafanya kazi usiku na mchana. Mwaka 2023 mabasi ya mikoani yakaruhusiwa kusafiri usiku kucha. Mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, ngoma zikapigwa. Mimi sipingi, watu wafanye biashara. Ila basi linaloruhusiwa kushusha abiria saa 8 usiku linashusha na watoto. Mliporuhusu basi mlimfikiria nani atakayekuwa stendi?

Nitawasimulia nilichokiona. Mwaka jana mimi na wenzangu tunaojitolea msaada wa kisheria tulikuwa kwenye stendi moja ya mikoani, usiku wa Jumamosi. Binti wa miaka kama 13 alishuka na mfuko wa salfeti na namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Kaambiwa kuna dada atampokea, kazi za ndani, mshahara atatumiwa mama. Namba haipatikani. Tayari kuna kaka wawili wamesogea na "mdogo wangu umepotea?" Tukapiga 116, namba ya bure ya watoto inayoendeshwa na C-Sema, na hapa nitoe sifa: walipokea mara moja, dada akaongea na binti kwa upole mpaka akaacha kulia. Halafu yule dada akaanza kumtafuta mtu wa halmashauri wa kuja. Simu imezimwa. Nyingine inaita tu. Tukaenda polisi. Afande wa zamu hakuwa mtu mbaya, akasema, "Binti zangu, mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto ni mpaka Jumatatu. Mimi naweza kumpa benchi hapa kaunta." Kaunta ile ile wanayoletwa walevi na waliopigana baa. Mwisho wa yote mama mmoja anayeuza chai stendi alimchukua akalala naye.

Mama yule ni mtu mwema. Lakini hakuna aliyemchagua, hakuna aliyemfundisha wala kuiona nyumba yake, hakuna aliyeandika popote kwamba mtoto yuko kwake. Angekuwa mtu mwingine tusingejua mpaka leo. Pale ndipo nilipoelewa kwamba mfumo tunaousifu kwenye makongamano una mdomo na masikio, miguu hauna. 116 inasikia saa 24. Wa kutoka usiku aende hayupo.

Halafu wanakuja na wimbo wa bajeti. Hakuna fedha. Jamani, tusidanganyane. TANESCO wana watu wa dharura usiku. Zimamoto wapo. Daktari ana zamu ya kuitwa na posho yake. Mwaka 2022 panya road walipoitikisa Dar es Salaam, doria za usiku zilipatikana, magari yakapatikana, mafuta yakapatikana, na hakuna mkuu aliyesimama kusema tusubiri mwaka mpya wa fedha. Wale nao wengi walikuwa vijana wadogo. Tofauti ni kwamba siku ile serikali ilikuwa inamwogopa kijana. Anapoogopa yeye, mafuta yameisha.

Na kutenga fedha kisheria kunawezekana, tumeshaona. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinalazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utekelezaji una vituko vyake, tuyaache leo. Hoja yangu ni kwamba Bunge likitaka, linaandika namba ndani ya sheria na mkurugenzi anatii. Kwa ulinzi wa mtoto usiku halijawahi kuiandika hiyo namba.

Tunataka nini hasa? Nataka tuwe wazi hapa, maana mara nyingi tunapiga kelele halafu tukiulizwa "mngefanyaje" tunaanza kutafuna maneno. Tunataka kila halmashauri, zote 184, iwe na timu ya zamu ya usiku na mwisho wa wiki. Sio jengo jipya wala uzinduzi. Ni maofisa ustawi wawili kwenye ratiba, simu moja ya ofisi isiyozimwa, askari wa dawati anayejulikana ndiye wa wiki hiyo, gari lenye mafuta yaliyotengwa, na orodha ya familia zilizokaguliwa na kufundishwa kumpokea mtoto kwa usiku mmoja au mitatu. Wilaya ndogo wanaweza kukaa zamu nyumbani kwao, mradi wanalipwa posho na ratiba imebandikwa.

Na timu hiyo iwe na msimamizi mwenye meno. Hapa ndipo mipango mingi inapofia, kwa sababu kamati tunazo tele, chini ya MTAKUWWA kila kata inatakiwa kuwa na ya kwake. Kamati inakaa kikao, haiendi stendi saa 7 usiku. Msimamizi wa zamu lazima awe na mamlaka ya kuamua pale pale: gari litoke, mtoto asirudi nyumba ile leo, polisi waitwe. Akilazimika kumwamsha mkurugenzi ili asainiwe lita kumi za dizeli, hatuna timu. Kila tukio liandikwe kwenye daftari la zamu, na saa 1:30 asubuhi likabidhiwe kwa ofisa wa mchana kwa mkono na kwa maelezo, asije mtoto akalala salama usiku halafu mchana akapotea kwenye makabrasha. Asiende mtu mmoja peke yake kumchukua mtoto, hata awe mchungaji. Na maofisa wenyewe wapumzike. Mtu aliyetoka kumbeba mtoto aliyeunguzwa kwa maji ya moto hawezi kesho yake kutwa nzima kusuluhisha kesi za matunzo, atachakaa, ataanza kuzima simu. Baadhi ya hizo simu tulizokuta zimezimwa nahisi ni za watu wa namna hiyo, siwalaumu sana.

Timu hiyo isisubiri kuitwa tu. Itembee: stendi, masoko, kwenye kumbi na vibanda ambako vijana wa miaka 15, 16 wanalala. Iende kwa salamu, irudi kesho, irudi tena, mpaka wazoeleke. Tofauti yake na operesheni za kusomba watoto wa mtaani kwenye karandinga kabla ya ugeni wa kitaifa ni kubwa. Mtoto aliyesombwa mara moja hatamkimbilia mtu mwenye kitambulisho cha serikali tena. Bodaboda na mama lishe wa usiku wapewe namba na waheshimiwe, maana wao ndio wanaona kwanza.

Sasa niwageukie watu wetu, na najua kuna watakaonuna. Nilipolitoa hili kwenye grupu la vijana la wilaya, kamanda mmoja akajibu tuanzishe wenyewe, vijana wa chama wavae fulana waende stendi usiku kuokoa watoto. Nia njema, wazo la hatari. Wanaume ishirini wasiofahamika historia yao, saa 8 usiku, wanamchukua binti wa miaka 13 kumpeleka "sehemu salama", kisha picha zinapanda mtandaoni na sura yake wazi na bendera nyuma yake? Tukisikia chama tawala kimefanya hivyo tungekesha tunakisema. Kazi yetu ni kuibana mamlaka yenye wajibu, na akitokea mtoto mbele yako usiku leo, piga 116, kaa naye mkiwa wawili sehemu yenye watu na mwanga, usimpige picha.

Wengine wanasema twende mahakamani. Natamani. Rebeca Gyumi alishinda kesi ya umri wa ndoa mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Lakini mwaka uliofuata, 2020, Bunge likabadilisha sheria ya kudai haki za msingi mahakamani: mleta kesi akatakiwa kuapa ni kwa namna gani ameathirika yeye mwenyewe. Fikiria maana yake kwenye jambo hili. Anayeathirika ni mtoto aliyelala kaunta ya polisi. Ndiye aape? Mlango haujafungwa kabisa, njia ya kuomba amri ya kuilazimisha mamlaka itimize wajibu wake ipo na nina wenzangu darasani tunaichambua, ila itachukua muda na itahitaji ushahidi.

Ushahidi huo mnao nyinyi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri inapikwa miezi mingi kabla, na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma. Mkutano wa kijiji au mtaa wako ukiitishwa, simama, salimia wazee vizuri, uliza jambo moja: leo usiku, saa 6, mtoto akikutwa peke yake katika eneo hili, nani yuko zamu na namba yake ni ipi? Usikubali kupewa jina la mtu anayepokeaga simu. Omba ratiba. Andika jibu kama lilivyotolewa, na cheo cha aliyejibu, na tarehe, ututumie. Halmashauri ambazo ratiba ipo tutazitaja pia, hata kama ni za wenzetu wa upande ule.