Mwalimu Aliyeambiwa Hajawahi Kuwa Mwalimu

Anayetoka Muheza kupanda Amani hupita Sigi, palipokuwa na stesheni ya reli ya Wajerumani, kabla barabara haijaanza kujikunjakunja msituni. Katika vijiji vya bonde lile kila mtoto anaijua nyumba ya mwalimu. Mwalimu mmoja niliyemfahamu huko alifundisha kusoma na kuandika kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 2017 akaambiwa kwamba kisheria hajawahi kuwa mwalimu.

Sitamtaja yeye wala shule yake. Kosa lake halina ubishi. Cheti cha kidato cha nne alichoingia nacho chuoni kilikuwa cha dada yake, aliyeolewa akaacha masomo. Chuo cha ualimu alikisoma mwenyewe, mitihani akaifanya mwenyewe, akasimama ubaoni mwenyewe. Ila jina lililoandikwa kwenye barua ya ajira lilikuwa la dada. Kijijini watu walimwita kwa jina lake la ubatizo, shuleni kwa jina la kwenye barua, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mkaguzi aliyeuliza kwa nini.

Wengi tunaikumbuka tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076, na wengine 11,596 walikuwa na vyeti pungufu. Wale wa kughushi walipewa hadi 15 Mei waondoke wenyewe, na atakayebaki afikishwe mahakamani.

Niseme wazi kwamba uhakiki ulihitajika. Aliyeingia kwa cheti cha uongo alikalia kiti cha kijana aliyefaulu kwa jasho lake, na kijana huyo pengine yuko Lushoto hadi leo akilima viazi huku cheti chake kikiwa sandukuni. Ninachobishia ni neno moja, "batili", lililotumika kuwafunika watu wa aina tofauti kabisa: aliyeghushi, aliyepungukiwa na karatasi, na aliyeajiriwa kwa utaratibu ambao Serikali yenyewe iliuweka kisha ikaubadili.

Huyu wa tatu tusimsahau. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule, vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu, wakasomea kazi wakiwa kazini. Miaka thelathini baadaye, shule za kata zilipoota kila mahali, wakaja walimu wa leseni, vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi tu. Wananchi, kwa utani wao, wakawaita "vodafasta". Hawa hawakumdanganya mtu. Waliitwa, wakaja. Watumishi wa darasa la saba katika kada nyingine nao waliondolewa, mpaka mwaka 2018 Serikali ikatangaza kuwa walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warejeshwe, kwa kuwa sharti la kidato cha nne lilianza siku hiyo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, ila watu walikuwa wamekwisha kukaa miezi bila mshahara.

Aliyeonewa anaanzia wapi kudai? Hapa ndipo wengi hupotea. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia zote za ndani ya utumishi. Kwa mwalimu, hiyo maana yake ni Tume ya Utumishi wa Walimu, kisha rufaa kwa Rais, ndipo mahakama. Katika shauri la Shirika la Posta dhidi ya Dominic Kalangi, Mahakama ya Rufani ilisema kuwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haina mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa umma. Basi mtu anaweza kugonga mlango wa CMA, akashinda, na baada ya miaka akaambiwa kuwa ushindi wake wote si kitu kwa sababu aligonga mlango usio wake. Mwalimu wa Sigi atayajua hayo kwa nani? Wakili yuko Tanga mjini, na nauli peke yake ni mzigo.

Jirani zetu Kenya walikutana na jambo hili kwa upande wa pili. Tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya aliamua kuwa Tume ya Walimu ya huko haikuwa na mamlaka ya kuajiri walimu wa mafunzo, wale waliofundisha sekondari za chini kwa malipo ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi. Hapo mwenye kosa la ajira batili alikuwa mwajiri, na walimu wenyewe walikuwa na vyeti halali. Hakuna aliyesema kuwa watoto hawakufundishwa.

Sheria ya Kanisa tunayoisoma hapa seminarini imelitazama swali hili tangu zamani. Kanuni ya 144 inasema kuwa jumuiya nzima ikikosea ikidhani mtu ana mamlaka ya uongozi, Kanisa lenyewe hulijaza pengo, ili waamini wasiumie kwa kasoro wasiyoijua. Kanuni ya 195 inamtaka anayemwondoa mtu kwenye ofisi inayomlisha ahakikishe kuwa anapata riziki kwa muda unaofaa. Sisemi Serikali iongozwe kwa kanuni zetu. Nasema tu kwamba inawezekana kumwondoa mtu bila kujifanya kwamba hakuwahi kuwapo.

Oktoba 2022 Serikali ilitangaza kuwarejeshea walioondolewa kwa vyeti vya kughushi michango waliyokatwa wao wenyewe kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, bila ile ya mwajiri. Nilifurahi, ingawa ilikuwa imepita miaka mitano. Sasa ajira mpya zinapita kwenye usaili na uhakiki wa mwanzoni, na vijana wengi wanaulalamikia. Mimi naona ni heri mtu azuiliwe mlangoni akiwa na miaka ishirini na minne kuliko kutolewa nje akiwa na hamsini.

Mwalimu wangu alipokwenda kudai hiyo michango, fomu ilitaka jina la mchangiaji. Michango yote ilikuwa kwa jina la dada, na kitambulisho chake cha taifa kina jina lake mwenyewe. Akarudi parokiani kuomba cheti cha ubatizo. Katekista alifungua daftari, akamtazama, akamuuliza, "Mwalimu, niandike jina lipi?"