Mzinga wa kwenye gemu na baruti ya Isike

Wadau, juzi hapa Ipuli nimemkuta mdogo wangu anacheza Age of Empires II. Anatengeneza mzinga kwa mbao 225 na dhahabu 225, anabomoa ukuta, anashangilia. Nikamuuliza, Isike unamjua? Akanitolea macho.

Jamani! Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ngome ya mtemi huyu wa Unyanyembe, hapa hapa Tabora, wakashindwa. Januari 1893 Tom Prince akaiteka. Isike hakusalimu amri, aliwasha baruti ya ghala lake mwenyewe.

Sipingi gemu, hata mimi nacheza. Lakini kwenye gemu ukishindwa unaanza upya. Isike hakuanza upya. Tuwasimulie wadogo zetu ukuta wa kwetu kabla hawajamaliza kubomoa wa wenzao. Au nyie mnasemaje?