Canon ao Nikon? Kwa wapiga picha wa Kivu, lenzi ndiyo inapaswa kuamua

Viwanda vikubwa vya Japani vimeacha kutoa kamera mpya za refleksi, zile zenye kioo ndani. Lakini kwa wapiga picha wa Goma na Bukavu wanaoishi kwa kazi ya ndoa, ubatizo na sherehe za shule, ushindani wa Canon na Nikon haujakwisha. Ni hesabu yake tu ambayo imebadilika.

Tangu mwaka wa 2020, Canon wala Nikon haijatangaza refleksi nyingine. Mwisho wa mwaka wa 2021, mkubwa wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri la Japani kwamba EOS-1D X Mark III itakuwa ya mwisho katika ngazi yake. Sasa makampuni hayo mawili yanaweka nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, familia za RF na Z zilizoanza mwaka wa 2018.

Matokeo yake ni kwamba wapiga picha wa inchi tajiri wanauza vyombo vyao vya zamani. Canon 5D Mark III ao Nikon D750 iliyokwisha kutumika inapatikana kwa bei ya chini sana kuliko kamera mpya isiyo na kioo.

Hapo ndipo mnunuzi anaweza kudanganyika. Kamera inazeeka, lenzi inabaki. Lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza mwaka wa 1987, zina mota yao ndani, kwa hiyo zinalenga zenyewe kwenye kila refleksi ya EOS. Kwa njia ya adapta, zinafanya kazi pia kwenye kamera mpya za RF. Kuna sharti moja: lenzi za EF-S hazifungwi kwenye 5D wala 6D.

Kwa upande wa Nikon, mfumo wa F ni wa tangu mwaka wa 1959, na lenzi za zamani ni nyingi. Lakini zile za AF-D zinategemea mota iliyo ndani ya kamera. Kwenye D3500 ao D5600, ambazo hazina mota hiyo, mpiga picha atalenga kwa mkono. Ni vilevile kwenye kamera za Z zenye adapta ya FTZ. Anayetaka kuhamia Z siku moja, atafute lenzi za AF-S.

Kuna pia swali la umeme. Kwa kipimo cha viwanda vya Japani, D750 inapiga picha 1.230 kwa chaji moja. Z6, yenye betri ya jamii ileile, 310. Kazini hesabu inaweza kupanda, lakini refleksi inabaki mbele. Kwenye ndoa ya siku nzima katika kata isiyo na umeme, tofauti hiyo ni pesa.

Kukagua pia ni muhimu. Shata ya D750, kama ile ya 5D Mark III, ilijaribiwa kwa mipigo 150.000. Nikon inaandika idadi ya mipigo ndani ya kila picha, kwa hiyo mtu anayenunua akiwa mbali anaweza kumuomba muuzaji amtumie picha moja ya asili. Kwa Canon, mara nyingi inaombwa kamera iunganishwe na kompyuta yenye programu maalumu.

Jambo hilo lina uzito zaidi Goma. Kisha mji kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, benki zilifunga milango na safari za kawaida za ndege zikasimama. Mwenye kununua kwa pesa ya likelemba hana njia rahisi ya kukopa ao ya kurudisha chombo kibovu.

Kwa hiyo, swali la kwanza si kamera gani ni nzuri zaidi. Ni hili: wenzako wanatumia nini? Lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon, wala flashi ya huyu haielewani vizuri na kamera ya yule. Siku lenzi inapoharibika saa mbili mbele ya ndoa, anayekuokoa ni jirani mwenye mfumo sawa na wako. Kisha hapo, chagua lenzi ambayo utaweza kuhama nayo. Kamera yenyewe ije mwisho.