Kata ya kijani, ndoo tupu

Jamani, leo nimeamka na hasira, na safari hii si hasira ya mwanasiasa. Nina hasira na rangi.

Wiki tatu zilizopita niliingia katika ofisi ya halmashauri moja kutafuta habari ya maji. Jina nalihifadhi, kwa sababu watu wa pale ni wema na walininywesha chai. Nikapewa ripoti safi, imechapwa kwa rangi, kurasa kumi na kitu. Imepangwa kikata: jina la kata juu kwenye mstari mnene, chini yake vijiji vyake kwa alfabeti, na kila kijiji na vituo vyake vya maji. Kata ikiwa na hali nzuri mstari wake ni wa kijani, ikisuasua ni njano, ikiwa na hali mbaya ni nyekundu.

Mimi, kama mwandishi yeyote anayewahi gari la mwisho huku mhariri anapiga simu kila baada ya dakika kumi, nilisoma mistari minene tu. Nikahesabu kijani. Nikaandika kwamba kata fulani mambo yake ni mazuri.

Siku mbili baada ya gazeti kutoka nikapigiwa simu na mama mmoja wa kata hiyo hiyo. Namba yangu aliipata kwa diwani. Nikamwamkia, akaitikia, wala hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huku kwetu ulikuja lini?" Kumbe yeye huamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji korongoni, halafu gazeti linamwambia anakaa kwenye kijani.

Nikarudi ofisini kwa aibu. Kijana wa takwimu akanifungulia faili. Ilikuwa hifadhidata ya Microsoft Access, aina ile ambayo ofisi nyingi huachiwa na mradi uliokwisha, aliyeitengeneza kaondoka na mkataba wake. Tukabofya ule mstari mnene tuone rangi inatoka wapi. Masharti yalikuwa mepesi kabisa: hali ya kituo ikiwa "kibovu" paka nyekundu, ikiwa "kinasuasua" paka njano, vinginevyo acha kijani.

Haya, nisikilizeni hapa, maana ndipo penye uchungu. Kata haina "hali ya kituo". Vituo ndivyo vyenye hali, na viko vingi. Sasa ukichukua kisanduku cha taarifa za kituo ukakiweka kwenye kichwa cha kundi, Access haiendi kuuliza kundi zima. Inachukua rekodi ya kwanza ya kundi na kuionyesha, basi. Ukikiweka mkiani mwa kundi, inachukua rekodi ya mwisho. Si hitilafu, ndivyo programu inavyofanya kazi, na ukiielewa haina tatizo. Lakini kwa kuwa vijiji vilipangwa kwa alfabeti, kijiji ambacho jina lake linaanza na A ndicho kilichoipaka kata nzima rangi. Na kijiji hicho kiko barabarani, ofisi ya kata iko pale, pampu inatunzwa. Cha mama yule kinaanza na herufi ya M. Kingekuwa na jina jingine, pengine mwaka huu wangepelekewa fundi.

Nikamuuliza kijana, na kile kijiji ambacho hakina taarifa yoyote, mbona vituo vyake navyo ni vya kijani? Akakuna kichwa. "Kaka, hawa hawakuleta ripoti." Sasa kisanduku kitupu katika hifadhidata si "kibovu" wala si "kinasuasua". Hakitimizi sharti lolote, kwa hiyo kinabaki na rangi ya kawaida, na rangi ya kawaida aliyoichagua fundi wetu ni kijani. Kwa hiyo asiyeleta ripoti anapewa sifa! Simtetei fundi, lakini najua ilikotoka tabia hiyo. Matoleo ya zamani ya Access yalikubali masharti matatu tu kwa kisanduku, mpaka toleo la 2010 lilipopandisha hadi 50. Ukitaka rangi nne, moja ilibidi uifanye ya kawaida, na watu wakazoea kuanza na ile inayofurahisha.

Rafiki yangu mmoja wa kompyuta aliniambia napiga kelele bure, dawa ni kuhesabu wastani wa kata na kuweka sharti juu ya wastani. Hapana bwana. Tuseme kata ina vijiji vitano vyenye vituo sawa kwa idadi. Vinne, vituo vyote vinatoa maji. Cha tano, hakuna hata kimoja. Wastani ni asilimia 80. Ukisema kijani ianzie 75, kata ni kijani, na kijiji cha tano kimefutwa kwa hesabu sahihi kabisa. Ile ya kwanza ilikuwa bahati mbaya ya alfabeti, hii ni ya kukusudia. Na hiyo 75 nani kaamua? Mbona haiandikwi popote kwenye ukurasa?

Mwingine atasema mkurugenzi hana muda wa kusoma kurasa zote, anahitaji rangi. Nakubali, tena ndiyo maana nimekasirika. Rangi si pambo kwenye ripoti ya namna hii, ni uamuzi. Anayesoma anaishia palipo na rangi, kama nilivyoishia mimi.

Na inawezekana kufanya vizuri. Tazameni ramani za hali ya chakula za mfumo wa IPC, ulioanzia Somalia mwaka 2004. Pale eneo halipakwi rangi kwa wastani wa watu wake. Likiwa na asilimia 20 ya watu walio kwenye daraja fulani la shida au baya zaidi, eneo zima linapewa daraja hilo. Mtu mmoja kati ya watano anatosha. Wenye shibe hawawezi kuwafunika wenye njaa. Ugomvi juu ya ramani hizo haukosekani, lakini kanuni imeandikwa na kila mtu anaijua.

Halafu kuna kituko kingine ambacho nusura nikisahau. Ripoti hii ikitoka wilayani kwenda kwenye kata inapitia steshenari kwa fotokopi. Nyeusi na nyeupe. Kijani iliyokolea na nyekundu zote zinatoka kijivu! Diwani anakaa na karatasi ya kijivu anajadili nyekundu. Neno "mbaya" lingeandikwa pembeni ya rangi, wino wake ni wa shilingi ngapi? Na wapo watu, wanaume zaidi ya wanawake, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili hata kwenye karatasi ya asili.

Kijana wa takwimu, Mungu ambariki, alikaa mchana ule ule akabadilisha. Mstari wa kata sasa unahesabu vituo vibovu vya kata nzima, na kijiji kimoja kikikosa maji kabisa, kata inakuwa nyekundu. Wasioleta ripoti wamepewa kijivu yao. Tukachapa. Ile kata yangu ya kijani ikatoka nyekundu, na haikuwa peke yake. Bosi wake akazishika karatasi, akazigeuza geuza, akasema, "Hii tusiipeleke mkoani kwanza."

Masahihisho yangu gazeti limeyatoa, mistari minne, ukurasa wa ndani. Nilimpigia mama kumwambia kwamba kata yenu sasa imeandikwa nyekundu kwenye ripoti mpya.

"Ahsante mwanangu," akasema. "Kwa hiyo fundi anakuja lini?"

Ripoti bado iko mezani kwa bosi. Jumatatu naenda tena.