Ametoka Borstal, Tumpe Dawati

Makala hii nimeiandika nikiwa na hasira kidogo, unisamehe.

Likizo iliyopita nilimkuta jirani yetu amerudi kutoka Borstal ya Shikusa, kule Kakamega. Wengi wetu hudhani Borstal ni jela kama Kamiti. Sivyo. Shikusa, na mwenzake Shimo la Tewa kule Mombasa, ni za wavulana wanaohukumiwa wakiwa na miaka 15 lakini hawajafika 18, na kifungo chao hakizidi miaka 3. Humo wanasoma na kufunzwa kazi za mikono. Yaani wanapelekwa wakarekebishwe, wakirudi wawe watu.

Sasa sikiliza. Kijana huyu aliniambia kuwa usiku wa kwanza hakupata lepe la usingizi, si kwa kuogopa kupigwa bali kwa ile sauti ya kufuli. Kisha ikaja aibu. Mama yake alifika kumwona na ndizi mbivu kwenye kikapu, naye akashindwa kumtazama usoni. Baadaye hasira: kwa polisi, kwa rafiki aliyemponza, mwishowe kwa nafsi yake. Lakini nilishangaa aliposema kwamba hofu kubwa kuliko zote ilimjia mwezi wa mwisho, alipokuwa akihesabu siku za kutoka.

"Ndani naitwa kwa jina langu," akasema. "Huko nje nitaitwa mwizi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Shule mbili zimemkataa, eti atawaharibu wengine. Hata mimi, siku ile nilipomwona akija, niliivua saa yangu nikaitia mfukoni. Naungama.

Wapo watakaouliza, je, yule aliyeibiwa? Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Mama aliyeibiwa redio hajalipwa hadi leo. Lakini kumfungia kijana mlango wa darasa hakurudishi redio. Marafiki zake wa zamani, jamani, hawajamkataa hata siku moja! Wanamngoja pale stendi kila jioni na kumnunulia chai na mandazi. Sisi tukimnyima dawati, wao wamempata bure.

Anataka kurudi darasani, hapa hapa kwetu. Mlezi wa chama ametushauri tumwandikie mwalimu mkuu barua. Nimeshaiandika. Anayetaka kutia sahihi anione bwenini kabla ya Ijumaa, kitanda cha pili kutoka mlangoni.