Mhitimu wa Kidato cha Sita Asiachwe Njia Panda

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa Taifa wa mwezi Mei, shule zetu zenye Kidato cha Sita hufanya mahafali. Turubai husimikwa, risala husomwa, mgeni rasmi huahidi mifuko ya saruji, na wazazi waliotoka vijijini hupiga vigelegele. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini turubai likishakunjwa, mwulize mhitimu yeyote ana mpango gani baada ya mtihani. Wengi watajibu: "Nasubiri matokeo." Kusubiri si mpango.

Zamani jibu hilo lilikuwa na maana, kwa sababu kijana aliyesubiri naye alikuwa anasubiriwa. Chuo Kikuu kilipoanza mwezi Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 20. Taifa lilikuwa na njaa ya wataalamu, na Serikali ndiyo iliyompangia msomi kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza sharti: aliyemaliza Kidato cha Sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na anapoomba nafasi ya masomo athibitishwe mwenendo wake kazini na katika Chama. Mtu anaweza kuusifu au kuulaumu utaratibu ule, lakini hawezi kukana kwamba kijana aliijua hatua yake ya pili.

Utaratibu huo haupo tena. Wanaofanya mtihani wa Kidato cha Sita sasa wanazidi 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikafutwa katika Kidato cha Tano na cha Sita. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, mlango wa kuingilia umepanuliwa, na wa kutokea tumemwachia kila mmoja autafute mwenyewe. Kijana ndiye achague fani, aombe chuo, aombe mkopo, athibitishe vyeti na atafute kazi. Mzigo uliokuwa wa ofisi za mipango umewekwa kwenye mabega ya mtu wa miaka 19. Je, nani amemfundisha kuubeba?

Hapa lazima tuseme ukweli, sisi watumishi wa umma na walimu. Watoto wetu wanafundishwa nyumbani. Mtoto wa ofisa husikia mezani, wakati wa chakula cha jioni, kwamba chuo fulani kinataka masomo fulani, na kwamba maombi yana siku yake ya mwisho. Cheti chake cha kuzaliwa kimo kabatini. Mtoto wa mkulima wa pamba au wa mvuvi hana meza hiyo. Meza yake ni ya mwalimu tu. Mwalimu akinyamaza, watoto wawili waliokaa dawati moja na kupata alama sawa hutengana: mmoja huenda chuoni, mwingine hurudi nyumbani kuambiwa kwamba amechelewa. Basi ushauri kwa wanafunzi si pambo la shule, bali ni suala la usawa.

Chukua mfano mmoja. Msichana wa Kidato cha Nne anataka kuwa daktari. Katika fomu ya uchaguzi anajaza mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Jiografia, kwa sababu Fizikia inamtisha, na hakuna anayemwambia neno. Anasoma miaka miwili kwa bidii na kufaulu vizuri. Ndipo anapogundua kwamba vyuo vyetu vikuu, kwa mwombaji anayetoka Kidato cha Sita, vinataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa masomo ya udaktari wa binadamu. Mlango huo ulifungwa siku alipojaza fomu. Hata hivyo, kama alifaulu masomo hayo matatu katika Kidato cha Nne, anaweza kuomba stashahada ya utabibu, na akifanya vizuri huko aendelee mbele. Njia ipo. Asiyeambiwa ataijuaje?

Tazama pia suala la nyaraka. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na yatima hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi. Vijijini wengi hawana vyeti hivyo, au jina la kwenye cheti halilingani na la shuleni. Kusahihisha herufi moja huweza kuchukua wiki nyingi. Matokeo hutoka yapata mwezi Julai, na maombi ya vyuo hufuata papo hapo. Aidha, tangu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, wapo wahitimu ambao wakati huo wako makambini. Kazi ya nyaraka, basi, ni kazi ya Kidato cha Tano. Ikingoja matokeo, imekwisha kuchelewa.

Tena tuwaambie vijana mambo ambayo risala za mahafali huyakwepa. Mkopo ni deni: atakayeajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka limalizike. Shahada si hati ya ajira. Kuna kasumba kwamba anayekwenda chuo cha ufundi ameshindwa maisha, na mara nyingine kasumba hiyo hutoka katika vinywa vya walimu wenyewe. Fundi umeme, mtaalamu wa mifugo na fundi mitambo ni wasomi wa kazi zao. Mwanafunzi asipeleke jina lake huko kwa aibu baada ya kukosa kwingine. Aambiwe mapema kwamba hiyo nayo ni njia kuu.

Mwalimu atasema kwamba vipindi ni vingi na madarasa yamejaa. Ni kweli. Ndiyo maana kazi hii isiachiwe mwalimu peke yake. Kila wilaya ina ofisa kilimo, muuguzi, mhandisi wa maji, mwanasheria na mhasibu. Kila mmoja wao akitoa alasiri moja kwa muhula kwenda shule ya jirani, akaeleza alisoma nini na kazi yake ikoje, halmashauri haitatumia fedha nyingi. Mkuu wa shule aitishe mkutano wa wazazi wa Kidato cha Tano mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wakague vyeti pamoja. Wanafunzi wa Kidato cha Nne waelezwe kila mchepuo unafungua mlango upi na kufunga upi, kabla hawajashika kalamu. Shule nayo iweke daftari la wahitimu wake, ijue wako wapi. Shule isiyojua walikokwenda wanafunzi wake itajipimaje?

Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alikataa elimu iliyomwandaa mtoto kwa mtihani unaofuata tu na kusahau maisha yanayomngoja. Onyo hilo halijazeeka. Mwaka huu mgeni rasmi akialikwa kwenye mahafali, asiulize tu wangapi wanatarajia daraja la kwanza. Aulize pia wangapi wana vyeti vyao mkononi, na wangapi wanajua watakakokwenda. Majibu yakiwa mabaya, hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.